Hesabu Vyoo Kwanza: Jinsi ya Kujiandaa kwa Ayodini ya Mionzi

Kabla hujauliza hospitali ina kitanda lini, hesabu vyoo vya nyumbani kwako. Sifanyi mzaha. Mimi nakaa Manyatta, Kisumu, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili yenye vyoo viwili na bafu moja, na jambo hilo lilinisumbua kichwa kuliko saratani yenyewe, ya tezi ya thairoidi shingoni. Dawa, ile ayodini ya mionzi, niliimeza kwa funda moja la maji. Kupanga mahali pa kwenda haja baada ya kuimeza kulinichukua mwezi mzima.

Kazi yangu ni kukaanga samaki, ngege na mbuta, upande wa Dunga. Sikusomea uuguzi. Ila nimeipita njia hii tangu uvimbe wa shingo hadi leo, na tangu nipone nimepigiwa simu na wanawake wanne walioandikiwa dawa hiyohiyo, kila mmoja na maswali yaleyale. Sasa nayaandika mara moja yaishe. Kipimo chako cha dawa na siku zako za kujitenga utaandikiwa na daktari wako. Hesabu zangu nazitaja ili upate picha tu, usizinakili.

Picha ya kwanza

Kwangu ulianza uvimbe mdogo upande wa kulia wa koo, kama punje ya njugu mawe. Mama mkwe aliugusa akasema ni rovu, kama la wazee wa zamani kabla chumvi ya dukani haijaanza kutiwa ayodini. Nikakaa nao mwaka mzima kwa sababu ya neno lake hilo. Simlaumu, lakini wewe usikae.

Baada ya vipimo vya damu nilitumwa Nairobi kupigwa picha ya tezi. Siku hiyo haina maandalizi mengi: sema kama una mimba au unanyonyesha, taja dawa zote unazotumia, vua mkufu, basi. Unadungwa mkononi kiasi kidogo cha kitu kinachoitwa teknishiamu-99m, unangoja kama dakika ishirini, kisha unalala chali chini ya kamera ya gama. Nilidhani kamera ndiyo itanipiga mionzi, kama eksrei. Kumbe ni kinyume: mionzi ilikuwa inatoka kwangu, kamera ilikuwa inatazama tu. Na haikai. Teknishiamu hiyo hupungua nusu kila baada ya saa sita, kwa hiyo kesho yake saa kama hiyo imebaki sehemu moja kati ya kumi na sita, tena hapo hujahesabu uliyoikojoa.

Tezi ya thairoidi ina umbo la kipepeo. Kwenye picha yangu bawa moja lilikuwa na shimo jeusi palepale penye uvimbe, maana sehemu hiyo haikula dawa. Wanaiita sehemu baridi. Nilipolisikia neno hilo miguu iliisha nguvu, na laiti mtu angeniambia papo hapo kwamba vivimbe vingi vya baridi si saratani. Picha hiyo peke yake haihukumu. Inakutuma kwa sindano nyembamba inayonyonya chembe za kwenda kuchunguzwa. Yangu ilirudi na saratani, ile aina ya kawaida zaidi ya tezi hiyo, ambayo wengi hupona. Nikapasuliwa Eldoret, tezi yote ikatolewa, nikaanza vidonge vya levothairoksini, homoni ya kushika nafasi ya ile ya tezi. Kisha nikaambiwa bado ayodini.

Kwa nini ayodini

Niliuliza swali hilo hadi daktari akavuta kiti akakaa. Thairoidi hutengeneza homoni zake kwa ayodini; ile homoni kuu ina atomu nne za ayodini, ndiyo maana inaitwa T4. Basi tezi hii ni kama paka jikoni: meza imejaa vyakula, yeye macho kwa samaki. Hata mpasuaji awe hodari namna gani, chembe chache za tezi hubaki shingoni, na za saratani zikiwa zimetoroka kwenda kwingine, nyingi bado zina ulafi uleule. Ukimeza ayodini-131 wanaikimbilia wenyewe.

Ayodini-131 hutoa mionzi ya aina mbili. Ya beta haifiki mbali, kama milimita mbili hivi ndani ya nyama, kwa hiyo inaichoma chembe iliyoimeza na jirani zake wa karibu. Ya gama hupenya na kutoka nje ya mwili. Hiyo ya pili ndiyo inayokufanya utengwe na watu, na ndiyo hiyohiyo inayoiwezesha kamera kuona dawa imekaa wapi. Dawa moja, kazi mbili.

Tena si jambo la jana. Daktari wa Boston aitwaye Saul Hertz aliuliza mwaka 1936 kama ayodini inaweza kufanywa iwe na mionzi, na mwaka 1941 akampa mgonjwa wa kwanza mwenye thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake wakaeleza jinsi ilivyomsaidia mgonjwa wa saratani ya thairoidi. Nilipopiga hesabu nikaona dawa hii ina umri kumzidi mama yangu. Woga ukapungua kidogo.

Mwezi wa kuacha vidonge

Ili chembe zilizobaki ziwe na njaa ya kweli, ubongo lazima uzipigie kelele. Kelele hiyo ni homoni iitwayo TSH, na wanataka ipite 30 kwenye kipimo cha damu. Njia moja ni kuacha levothairoksini kwa wiki tatu au nne. Njia nyingine ni sindano mbili za TSH ya kutengenezwa, huku ukiendelea na vidonge vyako, lakini bei yake si ya muuza samaki. Uliza hata hivyo, na uulize pia SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa nini na hailipi nini, upewe kibali kwa maandishi kabla ya kufunga safari. Jibu la mdomo kaunta moja huwa halifiki kaunta ya pili.

Wiki mbili za kwanza sikuona kitu. Ya tatu ikanikuta. Kisumu hii, Februari, watu wanajipepea kwa vifuniko vya sufuria, mimi nimevaa sweta. Uso ulifura, sauti ikawa nzito, choo kikagoma, na nikimwangalia mteja nasahau ameagiza mkubwa au wa wastani. Siku moja niliacha karai la mafuta motoni nikaenda kumwaga maji, nikasimama kwenye mtaro nikijiuliza nimekuja kufanya nini. Mpwa wangu ndiye aliyezima jiko. Kwa hiyo nasema: wiki mbili za mwisho usikae mbele ya mafuta ya moto, usiendeshe pikipiki wala gari, na mambo ya pesa mwachie mtu unayemwamini.

Hapo ndipo lilinipata jambo ambalo bado linanikera. Siku nne kabla ya tarehe nilipigiwa simu kwamba dawa haijaingia, nisubiri wiki moja zaidi. Wiki moja zaidi bila vidonge, nikiwa tayari natembea kama kinyonga. Baadaye nilielewa chanzo. Ayodini-131 hutengenezwa kwenye tanuri za nyuklia, kama ile ya SAFARI-1 kule Pelindaba, Afrika Kusini, nayo hupungua nusu kila siku nane hata ikiwa ndani ya ndege. Huwezi kuirundika stoo kama panadol. Inaagizwa ikilenga siku, ndege ikikwama nawe umekwama. Kuelewa ninaelewa, ila ningeambiwa mwanzoni kwamba hilo linaweza kutokea ningejipanga. Basi wewe omba namba ya idara yenyewe inayotoa dawa, si ya mapokezi. Piga wiki moja kabla, piga tena siku mbili kabla. Na siku wanayokwambia acha vidonge, uliza papo hapo: tarehe ikisogezwa nifanye nini? Usivirudie wala kuviacha kwa akili yako. Upande wa pili, wewe nawe usiikose siku yako, kwa maana kidonge kilichoandaliwa kwa jina lako hakikungoji.

Wiki mbili bila ayodini jikoni

Hapa niko nyumbani kwangu, mniache niseme.

Lengo ni kwamba paka akae na njaa. Ukimshibisha kwa ayodini ya kawaida, ile ya mionzi ikija ataipita. Mimi niliandikiwa wiki mbili. Cha kwanza kuondoka ni chumvi, kwa sababu chumvi ya dukani Kenya hutiwa ayodini. Nilisoma pakiti za chumvi Kibuye, duka baada ya duka, zote zimeandikwa vivyo hivyo. Nikaacha kutafuta nikala bila. Elewa kwamba adui si ule ukali wa chumvi, ni ayodini iliyomo. Na chumvi hiyo iko pia kwenye mkate, mandazi ya kununua, soseji, krispi, vitafunio vya pakiti, na chakula chochote ambacho hukupika wewe. Kwa wiki mbili usile hotelini, hata kwa shemeji.

Maziwa hayafai na vyote vitokanavyo nayo, kiini cha yai nacho vilevile. Kwetu hilo ni pigo, maana osuga, yaani mboga ya mnavu, bila maziwa ni uchungu mtupu, na chai bila maziwa wageni huona umefilisika. Nilikunywa strungi na tangawizi. Osuga nilibadilisha na sukuma na mchicha, nikakaanga kwa vitunguu vingi, nyanya, dhania na pilipili. Kitunguu saumu na ndimu ndivyo viliniokoa. Ulimi ukipata uchachu na harufu husahau chumvi nusu.

Sasa samaki. Kila mtu ataambiwa "usile samaki", na wengi watatii bila kuuliza. Niliuliza mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ayodini nyingi iko baharini: samaki wa bahari, kamba, mwani. Ziwa letu ni maji baridi. Mtaalamu wa lishe aliniruhusu kipande cha ngege kwa kiasi, mradi niwe nimemtoa ziwani mwenyewe, nimemwosha na kumchemsha bila chumvi. Waliokaangwa kibandani sikugusa hata mmoja, wameshapita kwenye chumvi. Omena nao nilikubaliwa kidogo kama wamekaushwa juani bila kitu, lakini niliwaacha kabisa, kwa sababu sokoni huwezi kujua gunia lipi limenyunyiziwa chumvi. Magadi na ile chumvi ya majivu ya kienyeji nilishauriwa niache pia. Kisichopimwa kiache, aliniambia.

Tumbo lilijazwa na ugali, wali, viazi vitamu, nduma, ndizi za kuchemsha, njugu karanga za kukaanga mwenyewe, maharagwe makavu ya kuchemsha, nyama kidogo, matunda. Chapati nilipika bila chumvi. Mtoto wangu alionja akasema inafanana na karatasi, naye hakukosea.

Kuna ayodini isiyopitia mdomoni ambayo watu husahau. Ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda ni ayodini. Vitamini za chupa nyingi zinayo. Dawa ya kikohozi au peremende yenye rangi nyekundu inaweza kuwa nayo. Na kubwa kuliko zote: kama umepigwa picha ya siti skani ukadungwa ile dawa ya kung'arisha mishipa, ina ayodini ya kuishibisha tezi kwa wiki nyingi. Mmoja wa wale wanawake wanne alirudishwa nyumbani kwa sababu hiyo, baada ya kuteseka bila chumvi siku kumi. Sema tarehe ya siti skani yako siku ya kwanza kabisa.

Nyumba, watoto, mimba

Rudi kwenye vyoo. Baada ya kumeza, sehemu kubwa ya ayodini isiyokamatwa hutoka kwa mkojo, hasa siku mbili za mwanzo, na kiasi hutoka kwa jasho, mate na choo kikubwa. Hospitali itakuweka ndani kwa zile siku kali. Lakini ukitoka bado unayo, nayo ndiyo unayoipangia nyumba.

Manyatta haikuwezekana. Choo cha watu thelathini, nisubiri foleni asubuhi na watoto wa jirani wamenishika leso? Tena binti yangu mkubwa alikuwa na mimba ya miezi mitano, naye analala kwangu. Suluhisho likawa dada yangu wa Nakuru, upande wa Lanet, ambaye ana chumba cha nje chenye choo na bafu lake. Ilifaa pia kwa kuwa ilibidi nirudi Nairobi baada ya wiki kupigwa picha, na Nakuru iko katikati ya njia.

Wengine mtarudi mashambani, Siaya au Kakamega, kwenye choo cha shimo. Mwanafizikia wa hospitali hakunikataza choo cha shimo nilipomuuliza. Alichotaka kujua ni choo hicho kinatumiwa na watu wangapi, sakafu ni saruji au udongo, na kisima kiko umbali gani. Nenda na majibu hayo matatu mfukoni. Mwanafizikia ndiye mtu wa kumuuliza mambo ya vyoo, magari ya matatu na vitanda. Daktari atakujibu kwa haraka, yeye atachukua kalamu apige hesabu.

Kuhusu mimba sina la kuficha. Utapimwa, hata ukiwa na miaka 44 kama mimi na ukaapa huna. Ayodini hii hupita kwa mtoto tumboni na kuharibu tezi yake. Mimi niliambiwa nikae angalau miezi sita bila kushika mimba. Wanaume nao huambiwa wasubiri miezi kadhaa. Anayenyonyesha lazima aachishe wiki kadhaa kabla, na mtoto huyo harudi tena kwenye ziwa. Panga hilo mapema, maana kumwachisha mtoto kwa ghafla ni vita na maziwa nayo hayakauki kwa amri.

Siku ya kumeza

Chukua nguo kuukuu ambazo hutalia zikibaki. Mswaki wa bei ya chini, kandambili, leso moja. Simu ifunge kwenye mfuko wa plastiki mwembamba, inaguswa vizuri tu juu yake. Vitabu vya thamani na Biblia ya bibi viache nyumbani.

Chumba changu kilikuwa na kuta nene, vitasa vimefunikwa plastiki, choo cha ndani. Sikula chochote saa mbili kabla. Mwanafizikia aliingia akisukuma toroli, juu yake kopo la madini ya risasi, zito kama jiwe la kusagia, ndani yake kichupa, ndani yake kidonge kimoja. Milikiuri 100, ndivyo wanavyopima nguvu ya mionzi yake. Nilitarajia king'ae gizani au angalau kiwe cha moto. Kilikuwa kama kidonge chochote cha kapsuli. Nikameza, akarudi nyuma mita mbili, akaniuliza kama kimeshuka, kisha wote wakatoka, mlango ukafungwa, nami nikabaki na kelele ya feni.

Kuanzia hapo kazi ni maji. Mimi nilikunywa kama lita tatu kwa siku. Unakojoa ukiwa umeketi, wanaume pia, unaflashi mara mbili kifuniko kikiwa chini, unanawa. Unaoga asubuhi, mchana na jioni. Choo kikubwa kisigome. Ukiwa umefunga, omba dawa, kwa sababu ayodini iliyokaa utumboni inakuchoma bure. Usiku wa kwanza kichefuchefu kilinijia, nikaitisha dawa kwa simu ya ukutani. Siku ya pili mashavu yalivimba chini ya masikio, maana tezi za mate nazo hupenda ayodini. Kwangu waliruhusu ndimu na peremende kali baada ya saa ishirini na nne, si kabla, basi nikanyonya ndimu hadi meno yakafa ganzi. Ladha ilipotea nikaonja kila kitu kama sarafu. Ilirudi baada ya wiki tatu hivi, nami nilikuwa na hofu kubwa hapo: mpishi asiye na ulimi atauza nini?

Kila asubuhi mwanafizikia alisimama kwenye alama sakafuni, akanielekezea mita ya kupima mionzi. Namba zilishuka haraka kuliko nilivyodhani. Siku ya tatu aliniruhusu.

Barabarani

Usipande matatu. Umbali ndio kinga yako kubwa na ya bure: ukiongeza umbali mara mbili, mionzi inayomfikia mwenzako inabaki robo. Ndani ya matatu huna hata nusu mita, na saa zenyewe ni nyingi. Binamu alikuja na Probox yake. Nilikaa nyuma kushoto, yeye mbele kulia, madirisha wazi, na kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Nilikojoa kabla ya kuondoka, tukasimama Naivasha mara moja. Kama gari la peke yako haliwezekani, mwambie mwanafizikia kabla ya siku ya dawa, si mlangoni ukitoka.

Omba barua inayoeleza ulipewa nini, kiasi gani na lini. Ile mitambo ya uwanja wa ndege na mipakani inayonusa mionzi inaweza kulia kwa wiki nyingi baadaye. Kile kijiti cha askari wa supamaketi kisikutie hofu, kinatafuta chuma.

Lanet

Karatasi yangu ilisema nilale peke yangu siku kumi, na nikae mita mbili mbali na watoto na wajawazito siku kumi na nne. Sahani, kikombe na kijiko vyangu, vinaoshwa peke yake. Nguo na shuka nazifua mwenyewe, nasuuza mara mbili. Nisimpikie mtu. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ilifunga kibanda changu. Mpwa wangu alishika kazi wiki tatu, na wateja wakalalamika kwamba anakata samaki kwa ubahili.

Dada aliniletea chakula akakiweka kwenye ngazi, tukaongea yeye akiwa chini ya mparachichi nami mlangoni. Ujinga mmoja niliofanya: nilikaa siku mbili nikijizuia hata kumpungia mkono, kana kwamba mkono unarusha kitu. Mionzi si kifua kikuu. Haiambukizi. Aliyekaa karibu nami anapata kiasi kwa muda anaokaa, akiondoka hana kitu alichobeba, mradi hajagusa mate, jasho au mkojo wangu. Akipita mlangoni dakika moja si tatizo. Kulala naye kitanda kimoja usiku kucha ndilo tatizo.

Hesabu ya kupungua niliielewa kwa mkaa. Chukua debe nane. Baada ya siku nane zimebaki nne, siku nane nyingine mbili, kisha moja, kisha nusu. Hiyo ni kwa ayodini iliyo koponi. Ndani ya mwili inaisha haraka zaidi, kwa sababu unaikojoa huku inapungua yenyewe.

Vidonge vya levothairoksini nilirudishiwa siku ya tatu baada ya dawa. Ni vya maisha. Navimeza alfajiri na maji matupu, nangoja nusu saa hadi saa nzima ndipo chai ya maziwa. Madini ya chuma na kalisi nakaa nayo mbali kwa muda wa saa nne. Wiki ya kwanza joto la mwili lilirudi, nikavua sweta.

Siku ya saba nilirudi Nairobi kwa picha ya mwili mzima, kwa kamera kama ile ya kwanza, hakuna sindano mpya. Inatazama ayodini ileile niliyomeza. Mwanga ulionekana shingoni tu, pale mabaki yalipokuwa, mbali na tumbo na kibofu ambako dawa hupita kwa kawaida. Tangu hapo nafuatiliwa kwa damu, wanapima thairoglobulini, protini inayotengenezwa na chembe za thairoidi, ambayo kama huna tezi inatakiwa iwe karibu na sifuri.

Ya majirani

Niliporudi Manyatta uvumi ulikuwa umenitangulia: kwamba nimewekewa kitu cha bomu mwilini. Mwenye ploti alikuja na uso wa mazishi kuuliza kama nyumba yake ina hatari. Nilimwonyesha tarehe kwenye barua, nikamhesabia debe za mkaa. Alielewa mkaa kuliko barua.

Jirani mwingine alichanganya tiba yangu na ya mkewe, aliyekuwa akipigwa mionzi ya mashine katika hospitali ya kaunti kule Nakuru, naye akawa amewaondoa wajukuu nyumbani. Huyo nilimwambia awarudishe jioni hiyohiyo. Mionzi ya mashine ikizimwa imeisha, mgonjwa hatoki na chochote, anaweza kupakata mtoto akiwa bado kwenye ngazi za hospitali. Sisi wa kumeza ndio tunaobeba, tena kwa siku chache.

Siku nne zilizobaki nyumbani, kijana wangu wa miaka sita alichora mstari wa chaki sakafuni, tukaupima kwa futi ya fundi cherehani, mita mbili kamili. Akawa anasimama vidole vikigusa chaki ananisomea kitabu cha shule. Binti yangu yeye alikuwa kwa mama mkwe wake hadi siku ya kumi na tano.

Leso na nguo nilizotoka nazo hospitalini nilizifunga kwenye mfuko mweusi, nikaandika tarehe kwa kalamu ya rangi, nikautundika nyuma ya chumba cha dada Lanet. Mwanafizikia alinishauri zikifuliwa zinavalika mapema tu, lakini mimi niliamua kungoja siku themanini: nusu mara kumi, ibaki chini ya sehemu moja kati ya elfu. Dada alicheka, akautuma kwa shatoli siku ya themanini na moja. Mswaki nilitupa. Leso niliifua mara mbili, na ndiyo niliyojifunga kiunoni leo nikikaanga.